Jinsi ya kupima utafiti wa taasisi ya saratani na unavyonukuliwa

Kazi hii naifanyia Mtwara, kwa kompyuta mpakato na bando la simu. Mfano wangu ni Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, ambako wagonjwa wa huku kusini hupewa rufaa.

Hatua ya 1: Kusanya majina. Taasisi hiyohiyo unaweza kuikuta kama Ocean Road Cancer Institute, ORCI au Ocean Road Hospital. Yaorodheshe yote kabla hujaanza kutafuta.

Hatua ya 2: Ingia PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, ni bure. Kwenye utafutaji wa kina chagua Affiliation (anwani ya taasisi ya mwandishi), weka majina yote ukiyaunganisha kwa OR (yaani "au"). Hapa usikimbie. Kwa makala za kabla ya 2014, PubMed kwa kawaida iliweka anwani ya mwandishi wa kwanza tu. Daktari wetu akiwa jina la nne nyuma ya profesa wa Ulaya, makala haitatokea, ingawa huenda ndiye aliyewahudumia wagonjwa hao siku zote. Jambo hili huniuma. Makala za zamani zitafute kwa majina ya watafiti wenyewe, kisha ufungue kila moja uhakikishe anwani.

Hatua ya 3: Panga kwenye Excel, futa zilizojirudia kwa kulinganisha namba za DOI, yaani namba ya kipekee ya kila makala.

Hatua ya 4: Chukua idadi ya kunukuliwa kutoka OpenAlex au Google Scholar, tovuti zinazoonyesha makala imenukuliwa mara ngapi. Chagua chanzo kimoja, usichanganye: Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, hivyo namba zake mara nyingi huwa kubwa zaidi.

Hatua ya 5: Usiishie kwenye wastani. Tuseme makala tano zimenukuliwa mara 0, 2, 3, 4 na 191. Wastani ni 40, lakini ya katikati ni 3. Ni kama kijiji cha Newala chenye wakulima wa gunia tanotano za korosho, akahamia mmoja mwenye ghala zima: wastani utasema wote wametajirika. Toa namba zote mbili, na hiyo makala ya 191 itaje peke yake.

Hatua ya 6: Linganisha makala na nyingine za mwaka na fani ileile. Ya mwaka jana haijapata muda wa kusomwa, sembuse kunukuliwa.

Mwisho, andika tarehe uliyotafuta juu ya jedwali. Ukirudi baada ya miezi miwili, namba zitakuwa zimesogea.