Unarudi kupiga picha? Soma hii kabla hujanunua kamera ndogo
Mtu akirudi kwenye kupiga picha baada ya kukaa miaka kibao bila kamera, kitu cha kwanza anauliza ni megapikseli ngapi. Hiyo iweke pembeni kabisa, manake megapikseli 12 tu zinatosha kuchapisha picha ya ukubwa wa A4 ikatoka safi, na karibu kamera zote za sa hivi zimeshapita hapo. Jiulize hivi: hiyo kamera itanipa nini ambacho simu yangu hainipi? Kama huna jibu usinunue kwanza.

Jibu utalipata kwenye picha zako za zamani. Toa zile ulizozipenda mwenyewe, si zile watu walizosifia, uangalie ulikuwa unapiga nini na kwa umbali gani. Kama ulikuwa mtu wa filamu unakumbuka vizuri lenzi iliyokuwa haitoki kwenye kamera, milimita 28 au 35 au 50 (namba ndogo inachukua eneo pana, kubwa inavuta vya mbali). Kama ulikuwa na dijitali fungua taarifa za picha uone milimita, ila hapo kuwa makini, kamera ndogo huandika milimita za lenzi yenyewe na zinakuwa namba ndogo sana, kwa hiyo tafuta ile iliyogeuzwa kuwa kipimo cha filamu ya 35mm ndo utaweza kulinganisha. Ukikuta picha zako nyingi zimelala kati ya 28 na 50 jua kwamba zumu ndefu huihitaji hata kama muuzaji anaisifia mpaka jasho linamtoka.

Alafu sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kamera ndogo nyingi za kawaida zina sensa inayoitwa 1/2.3, upana wake kama milimita 6 na kimo hakifiki 5, na hizo kusema kweli simu nzuri ya kisasa inazipita hasa usiku, kinachobaki kwao ni zumu tu. Inayofuata ni sensa ya inchi 1, ambayo usidanganyike haina inchi 1 popote, ni milimita 13.2 kwa 8.8, hilo jina limebaki tangu enzi za kamera za video zilizotumia mirija ya kioo badala ya sensa. Lakini eneo lake ni kama mara 4 ya ile ndogo na tofauti unaiona ndani ya nyumba mwanga ukipungua. Juu yake kuna APS-C ambayo ni zaidi ya mara 3 ya hiyo ya inchi 1. Kwa anayerudi mimi ningesema usishuke chini ya inchi 1, labda uwe unapiga ndege na wanyama wa mbali na hutaki kubeba mzigo, hapo ni stori nyingine.

Sasa hapa kwenye lenzi ndo watu wanapigwa. Kwenye boksi imeandikwa f/1.8 kwa herufi kubwa (hiyo f ni kipimo cha tundu la lenzi linaloingiza mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), mtu anafurahi, kumbe hiyo f/1.8 ipo ukiwa hujavuta zumu kabisa, ukivuta tu tundu linabana. Sony RX100 ya kwanza ya 2012 inaanza na f/1.8 kwenye 28 ila ukifika 100 umeshaangukia f/4.9. Soma namba zote mbili, na kumbuka f/2.8 inaingiza mwanga mara 4 ya f/5.6, yani ni tofauti ya kupiga kwa ISO 800 au ISO 3200 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga, ikipanda sana picha inakuwa na chengachenga). Na ukitaka kuona kwamba hakuna kinachopatikana bure angalia hizi za ukoo mmoja: RX100 III ina zumu ya 24 hadi 70 na f/1.8 hadi 2.8, RX100 VI inafika 200 lakini inaanza na f/2.8 na kuishia 4.5. Umbo karibu lilelile, wamenunua urefu kwa kuuza mwanga. Mtu wa picha za familia jioni achukue III, msafiri wa mchana achukue VI.

Kuna zisizo na zumu kabisa na mimi hizi ndo nazipenda kwa mtu aliyetoka kwenye filamu. Ricoh GR III ni 28, ndugu yake GR IIIx ni 40, zote sensa ya APS-C na zote zinaingia mfuko wa suruali, ila hazina flashi ya ndani wala kitundu cha kuchungulia. Fujifilm X100VI ni 35 yenye f/2, vitufe vya kuzungusha vya spidi ya shata viko juu na tundu unalipanga kwenye lenzi kama zamani, mkono unakumbuka wenyewe, lakini mfuko wa suruali usahau.

Hicho kitundu cha kuchungulia wengi wanakichukulia poa. Kama ulipoacha kupiga picha macho yalikuwa mazima na sasa unasoma kwa miwani, skrini ya nyuma itakutesa, utakuwa unainyoosha kamera mbele huku unakisia tu kama fokasi imekaa. Kitundu kina kigurudumu kidogo pembeni cha diopta, unakizungusha mpaka maandishi yanakuwa makali machoni, basi umemaliza bila miwani. Jua likiwa kali pia ndo utaona faida yake.

Mengine ni ya haraka: iwe inatoa RAW, yani faili ghafi la picha ambalo utalirekebisha mwenyewe baadaye, na uiwashe huku ukipima kwa stopwochi uone inachukua muda gani mpaka picha ya kwanza.

Ukinunua iliyokwishatumika, na hapo ndo hela yako inafika mbali, ujue lenzi ya kamera ndogo haitoki, kwa hiyo vumbi likiingia kwenye sensa ni kufungua kamera nzima. Weka f/11 au zaidi, piga ukuta mweupe, kuza picha utafute madoa. Washa na kuzima mara nyingi, vuta zumu mwanzo mwisho ukisikiliza kama inakwaruza. Funika lenzi upige giza uone kama kuna vidoti vyenye rangi vinavyong'aa palepale kila picha. Piga maandishi yanayojaza fremu uone kona moja isiwe na ukungu kuliko nyingine, manake hiyo kamera itakuwa iliwahi kuanguka.

Zile za kale za miaka ya 2000 zenye sensa ya CCD, aina ya zamani, zimerudi kwenye fasheni, sawa, zina raha yake, ila uliza kadi kwanza. Nyingine zinatumia xD au Memory Stick ambazo kuzipata ni shughuli, na zilizotoka kabla ya 2006 nyingi hazisomi SDHC, yani kadi za SD zenye nafasi kubwa zaidi, zinataka SD ya GB 2 kushuka chini. Na betri jua inaitwaje na kama bado zinauzwa, hata kwa kamera mpya nunua mbili, manake GR III imepimwa picha kama 200 tu kwa chaji moja na hizo zinaisha kabla ya chakula cha mchana.