Kupunguza kasi ya prosesa kwenye Linux ili betri ya laptopu idumu

Betri ikiisha mapema, wengi hukimbilia kubana prosesa kwenye kasi ya chini kabisa. Tafadhali usianzie hapo. Prosesa iliyobanwa hivyo hukawia na kazi ndogo, na muda wote huo kioo na Wi-Fi vinaendelea kula chaji. Ni nafuu imalize upesi ikalale. Mlaji mkubwa ni turbo, yaani prosesa kujipandisha kwa muda juu ya kasi yake ya kawaida: kasi ikipanda, volti nazo hupanda, na matumizi ya umeme hukua kwa mraba wa volti.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Chomoa chaja, fungua programu unazotumia kila siku, subiri dakika chache, kisha andika kwenye terminali:

`cat /sys/class/power_supply/BAT0/power_now`

Jibu huja kwa maikrowati. Ukiona 8450000, laptopu inakula wati 8.45. Rudia mara tano sita, maana namba hurukaruka, halafu andika wastani wake kwenye karatasi. Betri ya wati-saa 48 kwa wati 12 inakupa saa 4. Ukishuka hadi wati 8, unapata saa 6. Kwenye mashine nyingine betri huitwa BAT1.

Hatua ya 2: Jua kiendeshi na gavana

`cd /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq`
`cat scaling_driver scaling_governor`

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kiendeshi ni sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) inayoiendesha kasi ya prosesa; gavana ni kanuni ambayo kerneli huifuata kuamua kasi hiyo. Kwenye `acpi-cpufreq`, gavana `powersave` hubana kasi chini kabisa, kwa hiyo chagua `schedutil`, gavana anayebadilisha kasi kulingana na kazi. Lakini kwenye `intel_pstate` au `amd-pstate-epp`, jina hilohilo `powersave` lina maana nyingine: kasi hupanda na kushuka kulingana na kazi. Hapo liache lilivyo.

Hatua ya 3: Iambie prosesa ipendelee nini

Kwa `intel_pstate` na `amd-pstate-epp`:

`echo balance_power | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/energy_performance_preference`

Ukijibiwa "Device or resource busy", gavana wako ni `performance`. Mbadilishe awe `powersave`, kisha rudia. Faili likikosekana kabisa, huenda prosesa yako ni ya zamani. Ruka hatua hii.

Hatua ya 4: Zima turbo

Kwa Intel yenye `intel_pstate`:

`echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`

Kwa `acpi-cpufreq`, andika 0 kwenye `/sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost`. Kuandika barua na kusoma kurasa hutaona tofauti. Ukihariri video utaiona, basi irudishe turbo.

Hatua ya 5: Mipangilio ibaki

Yote haya hufutika ukiwasha upya. Sakinisha TLP, programu ya kuokoa betri, kisha kwenye `/etc/tlp.conf` weka:

`CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_BAT=balance_power`
`CPU_BOOST_ON_BAT=0`

Kama mfumo wako unatumia power-profiles-daemon, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, chagua kimoja tu, kwa sababu vikiwa viwili vitagombania faili zilezile.

Sasa rudi hatua ya 1, programu zilezile, mwanga wa kioo uleule, upime tena. Wati zikikataa kushuka, washa `sudo powertop`, programu inayoonyesha nini kinakula umeme, utazame safu za juu: mara nyingi utakuta ukurasa mmoja wa kivinjari unaoiamsha prosesa mamia ya mara kwa sekunde.