Kihisi cha unyevu wa udongo: someni hapa kabla hamjaniuliza tena

Wiki hii nimeulizwa mara sita kwa nini kihisi kinasema shamba limekauka na matope yamefika kwenye gambuti. Najibu mara moja.

1. Usinunue kile cha meno mawili ya chuma wazi. Umeme ukipita udongoni chuma kinalika. Chukua cha kapasitivu, yaani kinachopima maji bila chuma kugusa udongo: kibapa kimoja kilichopakwa rangi.

2. Kingo za kile kibapa hazijazibwa. Paka rangi ya kucha, mara mbili. Kichwa chenye vipande vya elektroniki kibaki juu ya udongo.

3. Waya tatu: wa umeme, wa ardhi (GND) na wa namba. Kwa ESP32, kile kibodi kidogo chenye WiFi kinachosoma kihisi na kutuma namba kwenye simu, waya wa namba uingie pini 32 hadi 35. Nyingi za zile nyingine hazisomi WiFi ikiwaka.

4. Pima kwa udongo wako, si kwa glasi ya maji. Kopo moja kavu kabisa, kopo jingine limelowa na kuchujika usiku kucha. Langu kavu ni 2,900, bichi 1,350. Ndiyo, namba hushuka maji yakizidi.

5. Kukichimbia. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na nyanya kwenye shamba la kukodi kule Kano, karibu na Kisumu, udongo mweusi wa mfinyanzi. Nikakidunga kama kisu, nikaenda zangu. Udongo ulipokauka ukapasuka ubavuni mwa kihisi, kikawa kinapima hewa. Simu inasema kavu, nafungulia maji. Yanapita kwenye ufa, simu bado inasema kavu. Siku kumi na moja! Mizizi ikaoza, na mwenye shamba bado alitaka kodi yake. Kwa hiyo: toboa shimo jembamba, koroga udongo uliotoka humo uwe kama uji mzito, mimina, ingiza kihisi, shindilia kwa vidole. USIAMINI namba kabla ya siku mbili. Na kila ukiona ufa, rudia.

MASWALI

Kijana wa Njoro: Mkuu, changu kinasoma 4,095 tu, namba ya juu kabisa.
— Pini gani?
Kijana wa Njoro: 25.
— Soma hatua ya 3.

Nyar Nyando: Nina kichanga kando ya mto na mfinyanzi juu. Vipimo vya kopo moja vitatosha?
— Hapana dada, na swali lako ni zuri. Mfinyanzi hushika maji mengi ambayo mizizi haiwezi kuyavuta, kwa hiyo namba ileile kwenye kichanga mmea unakunywa, kwenye mfinyanzi una kiu. Pima kila udongo na makopo yake. Kisha andika namba siku majani yanapoanza kulegea adhuhuri. Siku nyingine mwagilia kabla haijafika hapo.

Kijana wa Njoro: Nimehamisha, kinasoma. Lakini waya umekatwa usiku.
— Fuko huyo. Pitisha waya ndani ya kipande cha paipu kuukuu.

Baba Bahati: Paipu ya plastiki? Wa kwangu alitafuna hadi dripu. Mtege kwanza, waya baadaye.