Kabla hujapiga kiki pikipiki ya mzee

Wanaofufua pikipiki za zamani hapa Kisumu, hasa zile Yamaha DT za injini ya mipigo miwili zilizoachwa kwenye stoo za wazee: usipige kiki siku ya kwanza. Hata mwenye nayo akiapa kwamba ilizimwa ikiwa nzima. Ringi za pistoni zikishikana na silinda kwa kutu, kiki moja ya nguvu huzivunja, na ringi za modeli hizo si za kuokota soko la Kibuye kila siku.

Toa plagi, mimina oili nyepesi kijiko kimoja au viwili kwenye tundu lake, uiache ilale. Kesho yake, plagi ikiwa bado nje, weka gia ya juu kabisa, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. Likigoma, ongeza oili usubiri tena. Haraka ya nini?

Tangi nalo, kwa unyevu huu wa ziwa, huwa na kutu tu. Ondoa koki ya petroli, ziba tundu, jaza siki nyeupe, uiache usiku mzima. Suuza kwa maji yenye magadi, ile ile ya kulainishia mboga, ili kuua asidi. Kausha papo hapo, kisha upake petroli yenye oili ndani, maana chuma kitupu hushika kutu upesi mno.

Ukijaza tangi mara ya kwanza, changanya oili kwenye petroli hata kama pikipiki ina pampu yake ya oili. Mpira wa kupitisha oili ya pampu huenda umejaa hewa.