Kupima hisia za habari za Kiswahili ili kubashiri mwelekeo wa hisa

Anayetaka kutumia ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutokana na data, kubashiri hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, hata akiwa Tabora kama mimi, aanze kwa kukusanya bei za kufunga za kila siku pamoja na idadi ya hisa zilizouzwa, kwa sababu bei isiyosogea kwa kukosa wanunuzi haina maana sawa na bei iliyotulia huku hisa zikiuzwa.

Usiifundishe modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data hiyo, kubashiri bei yenyewe. Itajifunza upesi kuirudia bei ya jana, na mistari miwili ya grafu itafuatana vizuri ilhali hakuna kilichobashiriwa. Kokotoa badiliko la asilimia la kila siku, kisha uiulize modeli kama kesho bei itapanda, itashuka au itabaki ilipo.

Kazi inayostahili muda wako mwingi ni kupima hisia za habari. Wengi huandaa orodha ya maneno mema na mabaya wakayahesabu, lakini hesabu hiyo hupotosha. "Hasara imepungua" ni habari njema yenye neno baya. "Imepanda", "haijapanda" na "ingepanda" zina mzizi mmoja, na kwa kuwa ukanushi na masharti vimo ndani ya kitenzi chenyewe, anayekata viambishi ili abaki na mzizi ameitupa maana aliyokuwa akiitafuta.

Tena, habari ni njema kwa nani? Kichwa cha habari kinachosema bei ya tumbaku imepanda huwafurahisha wakulima wa Urambo na Kaliua, lakini kwa mwenye hisa za Kampuni ya Sigara Tanzania bei hiyohiyo ni gharama ya malighafi. Kwa hiyo kila habari ipewe alama kwa kuitazama kampuni mahususi: 1 ikiwa njema, 0 ikiwa haielemei upande wowote, na -1 ikiwa mbaya. Soma mwenyewe habari mia kadhaa, mwombe mwenzako azisome bila kuziona alama zako, kisha mjadili mlipotofautiana. Alama hizo ndizo utakazotumia kuinoa modeli ya lugha (iliyokwisha kufunzwa kwa maandishi mengi) kama XLM-RoBERTa, ili izipe alama habari zilizobaki; ni modeli ambayo Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 100 ilizofunzwa.

Saa ya habari nayo ni muhimu sana. Habari iliyotoka baada ya soko kufungwa ihesabiwe siku inayofuata ya soko, na ya Jumamosi ihesabiwe Jumatatu. Ukikosea hapo, modeli itakuwa imeiona kesho kabla haijafika.

Kwa utabiri wenyewe, unaounganisha bei na alama za habari, modeli nyepesi kama msitu wa miti ya maamuzi (random forest: miti mingi ya maswali inayopiga kura) yatosha kuanzia. LSTM, aina ya mtandao wa neva wa kompyuta unaokumbuka mfuatano wa data, iliyochapishwa mwaka 1997, ina njaa ya data, na mwaka mmoja wa soko hutoa takribani safu 250 tu kwa kila hisa.

Gawa data kwa tarehe, bila kuichanganya: miaka ya mwanzo ya kufundishia, ya mwisho ya kupimia. Linganisha modeli yenye habari na ileile isiyo na habari, ukiondoa ada ya dalali katika kila muamala. Tofauti isipoonekana, rudi kwenye alama zako kabla ya kubadilisha modeli. Ikionekana, andika utabiri wa kila siku kabla soko halijafunguliwa, kwa miezi mitatu, bila kuweka fedha yoyote.