Namna ya kujibu swali la "Mbona nyie watu wa afya mnabadilika kila siku?"

Swali hili litakukuta tu. Umesimama chini ya mwembe, mtendaji ameshakukaribisha, umeanza kueleza mwongozo mpya, mara bibi mmoja wa nyuma aliyekuwa kimya muda wote ananyoosha mkono: "Mwanangu, leo mnasema hivi, kesho vile. Tushike lipi?" Vijana wengi wa afya ya jamii hapo hubabaika, wanarudia kusoma karatasi kwa sauti kubwa zaidi, na mkutano unakuwa umekwisha ingawa watu bado wamekaa.

Mimi ni muuguzi mstaafu, Muheza. Nilianza kazi enzi za klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria, nikaiacha enzi za kipimo cha haraka, kwa hiyo swali hilo nimeulizwa kliniki, sokoni, hata msibani sufuria zikiwa jikoni. Naandika ninavyolijibu. Nitakaa zaidi kwenye malaria, maana ndiyo iliyobadilishiwa dawa mbele ya macho ya watu, na ndiyo wanayoikumbuka wakikushika shati.

Kabla hujaondoka nyumbani

Soma mwongozo mpya, kisha jiulize: kilichobadilika ni ugonjwa wenyewe, ni tunachokijua, au ni tulichonacho mkononi? Kila moja lina jibu lake, na ukiyachanganya utaonekana unatunga.

Klorokwini iliondolewa kwa sababu vimelea vilibadilika. Dawa ilikuwa ileile, chungu vilevile, ikiwasha mwili vilevile, ila vimelea vilishazoea kuishi nayo. Ushauri wa kunyonyesha ulibadilika kwa sababu tulijua zaidi: Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi minne hadi sita, na mwaka 2001 likasema miezi sita kamili. Maziwa ya mama yalikuwa yaleyale tangu enzi na enzi. Kuhara ni hivyohivyo. Wapo mabibi waliofundishwa kumnyima maji mtoto anayehara ili "tumbo lipumzike". Leo tunampa maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kuchanganya, na tangu 2004 vidonge vya zinki vimeongezwa kwenye ushauri wa kimataifa.

Halafu kuna tulichonacho mkononi, na hapa uende polepole maana kuna makaburi. Kwenye VVU, mgonjwa aliambiwa asubiri mpaka CD4, yaani chembe za damu zinazoulinda mwili, zishuke chini ya 200 ndipo aanze dawa. Baadaye ikawa 350, ikawa 500, na kuanzia Oktoba 2016 hapa Tanzania ikawa ukipimwa ukakutwa nayo unaanza. Mtu atasimama akuambie, "Mdogo wangu aliambiwa asubiri." Usimkimbilie na takwimu. Mpe pole kwanza. Kisha mweleze kwamba dawa zilikuwa chache na ghali, zikapewa walio hoi kwanza, na kwamba tafiti zilizothibitisha faida ya kuanza mapema kwa kila mtu zilikamilika baadaye, kubwa kabisa ikitoka 2015. Usimwambie mdogo wake alikosea kusubiri. Alifanya alichoambiwa.

Simulia dawa za malaria kwa mpangilio wake

Watu hawachoshwi na historia. Wanachoshwa na historia iliyorukwa. Ukisema "sasa tunatumia mseto" bila kusema tulikotoka, kila mtu anajaza pengo kwa analolijua, na analolijua mara nyingi ni uvumi.

Anza na klorokwini, kila mwenye umri ana kisa nayo. Waache waeleze wenyewe: vidonge vilivyosagwa na kuchanganywa na sukari, mtoto akaitema yote kwenye kanga ya mama, kuwashwa usiku kucha mpaka mtu anajikuna kwenye nguzo ya nyumba. Watacheka, na wakicheka wanasikiliza.

Kisha sema kilichoiua. Mkulima yeyote wa mahindi ameona dawa ya wadudu ikishindwa: wale dhaifu wanakufa, wachache wagumu wanabaki, msimu unaofuata shamba lote ni kizazi cha wale wagumu. Ishia hapo. Usiingie kwenye vinasaba.

Mwezi Agosti 2001 klorokwini ikaachwa, ikaja SP, dawa yenye salfa, ambayo watu waliijua kwa majina ya dukani, Fansidar na nduguye Metakelfin. Mtu mzima alimeza vidonge vitatu mara moja tu, basi. Ungedhani watu wangefurahi. Wapi! Klorokwini ilikuwa na tabia ya kushusha homa yenyewe, SP haina. Mama alimpa mtoto dawa asubuhi, jioni mtoto bado anachemka, mama akahitimisha kwamba serikali imeleta dawa mbovu. Ndiyo maana tulisisitiza apewe na Panadol. Juu yake zikaja habari za watu kubabuka ngozi. Madhara hayo yapo kweli kwa dawa za salfa, ila ni ya nadra sana, na habari mbaya haihitaji nauli. Nieleze tu kwamba usipotaja jambo hilo mwenyewe, atalitaja mtu mwingine, tena kwa chumvi.

SP nayo ilijulikana toka mwanzo kuwa ni ya kuvukia tu. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu: vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne kila mara, kutwa mara mbili kwa siku tatu, ile dozi ya pili ikimezwa muda wa saa nane ukishapita tangu ya kwanza, na vyote vinamezwa na chakula. Wenye ndugu Unguja na Pemba watakuuliza mbona kule walipewa vidonge vingine. Ni kweli, Zanzibar walihamia mseto mapema, 2003, na wao walichagua mchanganyiko tofauti. Lijibu kwa ufupi: mchanganyiko mwingine, sababu ileile.

Mseto maana yake ni dawa mbili zinazosaidiana, kimelea kikiiponyoka moja kikutane na ya pili. Hapa nasimama kidogo na kuuliza nani ana vidonge vya mseto vilivyobaki kwenye kabati. Hapana anayenyoosha mkono, lakini nyuso zinasema. Siku ya pili mtu amepata nafuu, anaweka vinane "vya akiba". Waambie wazi kwamba akiba hiyo ndiyo inayolea vimelea sugu, ndani ya mwili wa mtu huyohuyo na kwa mbu watakaomng'ata.

Kama kuna mbishi msomi, na kila kijiji kina mmoja, atakuambia Malawi klorokwini imerudi kufanya kazi. Usibishane naye, amesema kweli. Malawi waliiacha 1993, na utafiti wa watoto uliochapishwa 2006 kutoka Blantyre ulikuta inaponya karibu wote. Mshukuru, kisha malizia alichokiacha: ilirudi kwa sababu iliachwa. Vimelea sugu vilipoteza faida yao, vile vya kawaida vikatawala tena. Wote wakiikimbilia kesho, hadithi inaanza upya.

Usiwafanye waliotangulia kuwa wajinga

Futa kabisa sentensi ya "zamani watu walikuwa hawajui". Inawaumiza waliokaa mbele yako, na wala haina ukweli wote. Robert Koch, yule daktari Mjerumani, alipofika huku mwaka 1897 na 1898 aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara walimweleza kuwa wakishuka bondeni huumwa na mbu, wakirudi juu wanarudi na homa. Ni wakati uleule ambapo Ronald Ross, daktari Mwingereza, kule India, Agosti 1897, alikiona kimelea cha malaria tumboni mwa mbu kwa hadubini. Wazungu kwa karne nyingi walidhani ni hewa chafu ya mabwawa. Nikisimulia haya Lushoto au Muheza, wazee wanakaa sawasawa kwenye viti.

Degedege nayo uiendee kwa adabu. Wapo wanaoamini kwamba inaletwa na shetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano wakati huo atakufa. Ukiwaambia ni ushirikina, watakuitikia "sawa" na wataendelea na mafusho. Mimi huuliza: "Shangazi, homa ilianza lini kabla hajakakamaa?" Huniambia siku mbili tatu. Hapo tunazungumzia hizo siku mbili tatu, kwamba ndizo za kumleta zahanati, na ubishi wa shetani sina haja nao.

Kipimo ndicho chenye ugomvi

Jiandae zaidi hapa kuliko kwenye dawa. Kwa miaka mingi sisi wenyewe tulifundisha kwamba kila homa ya mtoto katika maeneo yenye malaria itibiwe kama malaria. Ulikuwa mwongozo halali: vituo vingi havikuwa na hadubini, na kusubiri kungeua watoto. Kisha vikaja vipimo vya haraka, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Kwa hiyo mama aliyeambiwa miaka yote "homa ni malaria, wahi dawa", leo anawahi, anapimwa, anaambiwa hana. Lazima akasirike.

Fanya hivi. Mpimie mbele yake, kila hatua aione. Mchome mtoto kidoleni, weka tone la damu kwenye kishimo chake, weka matone ya maji ya kipimo, kisha weka kipimo mezani mahali anapokiona, usiondoke nacho. Mwambie mtasubiri dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo yake. Mweleze mstari wa kwanza unathibitisha kipimo ni kizima, na wa pili ukitokea ndiyo malaria. Mwache ausome yeye.

Ukibaki mstari mmoja, usiseme "hana kitu". Nimesikia sentensi hiyo ikisemwa kwa mama aliyebeba mtoto anayeungua, na sikumlaumu alipokwenda moja kwa moja kununua mseto dukani. Sema: "Mama, homa hii haijatoka kwenye malaria. Sasa tuitafute imetoka wapi." Kisha itafute kweli: hesabu anavyopumua, angalia masikio, uliza mkojo na choo. Kama huwezi, mpe rufaa akiwa na karatasi mkononi. Na umwambie homa isipoteremka au hali ikibadilika arudi.

Jambo moja dogo linaloharibu imani kuliko yote: mtu ametibiwa malaria, amemaliza dozi, wiki inayofuata anapimwa tena na mstari wa pili bado upo. Anaambiwa dawa imeshindwa, au anapewa nyingine. Vipimo vingi tunavyotumia husoma mabaki ya kimelea, na mabaki hayo hukaa kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Wa namna hiyo, kama bado anaumwa, anahitaji hadubini.

"Na wajawazito mbona bado mnawapa SP?"

Swali zuri, na wanaouliza ni wanaume kuliko wanawake, sijui kwa nini. Jibu: kutibu ni kazi moja, kukinga ni nyingine. Kumponya mgonjwa SP imechoka. Kumkinga mjamzito bado inasaidia, mtoto azaliwe na uzito mzuri. Anaimeza palepale kliniki mbele ya muuguzi, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kila hudhurio, mwezi mmoja angalau ukiwa umepita kati ya dozi na dozi. Zamani zilikuwa dozi mbili tu. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani limeshauri zaidi. Anayetumia Septrin, ile dawa ya kujikinga na magonjwa nyemelezi, kwa sababu ya VVU hapewi SP, kwani zote mbili zina salfa. Hilo la mwisho usilieleze mkutanoni kwa kumtazama mtu.

Sema na yajayo

Vijana wanaogopa hatua hii, wakidhani wataiharibu dawa iliyopo. Mimi naiona ndiyo inayokulinda. Kagera, kama ilivyo Rwanda na Uganda, watafiti wameshaona vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa ya artemisinini, ambayo ni nusu ya mseto wetu. Mseto bado unaponya, na uliseme hilo kwanza na mwisho. Lakini waambie wazi kwamba kuna siku unaweza kubadilishwa au kuongezewa dawa ya tatu, na mkifika hapo watasikia kwako.

Waeleze pia yasiyobadilika: chandarua, kuwahi, kumaliza dozi. Zanzibar walipunguza sana malaria miaka ya 1960, kazi ikasitishwa 1968, ugonjwa ukarudi. Sasa wameushusha tena, chini ya asilimia moja kwa vipimo vya jamii, na bado wanapulizia na kugawa vyandarua.

Ukiulizwa usilolijua, liandike kwenye daftari mbele ya muulizaji, lipeleke kwa mganga mfawidhi, urudi na jibu mkutano ujao, umtaje muulizaji kwa heshima: "Bibi aliuliza." Na kila mwongozo unapobadilika, kabla hujaitisha mkutano wowote, pita duka la dawa la kijijini uone wanauza nini. Ukitangaza asubuhi kwamba dawa fulani imeachwa, na jioni watu wakaikuta rafuni kwa bei ya chini, kwenye mkutano unaofuata utahutubia mwembe.