Kabla hujawasha gari asubuhi, fungua boneti

Ndugu zangu wa Uyole, Makambako, Njombe na kote kwenye baridi yetu: msimu huu, mahindi yakishaingia ndani, panya hufuata joto la injini. Mwezi wa saba gari langu liligoma kuwaka. Fundi alipofungua boneti, tukakuta juu ya injini kiota cha maganda ya mahindi na nyuzi za gunia, na waya wa nozeli umetafunwa hadi shaba inang'aa.

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, ndiyo maana lazima atafune kitu. Basi usiegeshe gari ubavuni mwa magunia ya mahindi. Usiku, kama gari liko ndani ya geti, acha boneti wazi. Panya anataka giza na joto, ukimnyima anahama. Asubuhi mulika tochi: kinyesi kama punje nyeusi, harufu ya mkojo, maganda. Fungua na ea klina (boksi la kichujio cha hewa ya injini), panya hupenda sana kulala humo.

Ukikuta waya umeliwa, chomoa kwanza terminali hasi ya betri, kisha mwite fundi umeme. Kuzungushia tepu tu hakutoshi kama shaba imekatika.

Na tafadhali, msinyunyizie injini mafuta ya taa eti harufu itawafukuza. Waya uliochunwa ukipiga cheche, gari linaungua. Sumu nayo weka mbali na injini: panya akifia kwenye njia ya hita, utasafiri na uvundo huo wiki nzima.